Amana ya Tabibu kwa Mfungwa



Katika darasa letu la baada ya Alasiri, kijana mmoja anayetaraji kuingia chuo cha udaktari alituuliza suala ambalo halikumalizika siku ile. Alisema: Ikiwa daktari ameajiriwa na Serikali, akaletewa mahabusu aliyepigwa hata akaumia, na afisa aliyemleta akamtaka aandike kuwa mtu huyu hana kitu, naye akaandika, je, lawama i juu ya nani? Waliokuwapo waligawanyika. Wengine walisema lawama ni ya aliyepiga, kwani daktari hakuinua mkono. Wengine walisema daktari naye yuko chini ya amri, na akikataa atapoteza chakula cha watoto wake. Mzee mmoja alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Lakini yule aliyepigwa, alikuwa na nani mwingine pale?"

Neno la mzee huyu ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Na jawabu letu kwa ufupi ni kwamba daktari aliyefanya hivyo ni mshirika katika dhulma, naye yampasa aulizwe mbele ya wenzake na mbele ya sheria, kama anavyoulizwa aliyepiga. Amana ya tabibu haiachwi mlangoni mwa jela. Bali ndani ya jela amana hiyo ni nzito zaidi, kwa sababu mgonjwa wa nje akichukizwa na daktari huenda kwa mwingine, ama mfungwa hana pa kwenda.

Njia za kushiriki

Watu wengi hudhani kuwa daktari hashiriki katika mateso ila akishika fimbo. Sivyo. Zipo njia nne zijulikanazo, na zote ni za kimya.

Ya kwanza ni kumpima mfungwa kabla ya kuteswa, au katikati ya mateso, ili kuwaambia watesaji kuwa huyu bado aweza kustahimili. Ya pili ni kumtibu, si kwa ajili ya afya yake, bali ili apate nguvu arejeshwe kule kule. Ya tatu ni kuandika cheti cha uongo, au kuona jeraha na kunyamaza. Ya nne ni kuitumia elimu yenyewe kutengeneza mateso, ili yaumize sana na yaache alama chache.

Kati ya hizo, ya tatu ndiyo iliyo nyingi zaidi na ndiyo nyepesi kuifanya, kwani haitaki ila kalamu. Kwa hiyo tumechagua kueleza kisa kimoja cha kalamu, nacho ni cha Afrika ya Kusini katika zama za utawala wa Makaburu. Tumekichagua kwa sababu mambo yake yalisemwa mbele ya mahakama, yakaandikwa, wala si khabari za barazani.

Kisa cha Port Elizabeth

Steve Biko alikuwa kijana wa miaka 30, na yeye mwenyewe aliwahi kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Natal kabla ya kuingia katika kazi ya kuwaamsha watu weusi wa nchi yake. Tarehe 18 Agosti 1977 alikamatwa penye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown, akawekwa kizuizini kwa sheria iliyoitwa Sheria ya Ugaidi, sheria ambayo iliwaruhusu polisi kumweka mtu muda wautakao bila kumfikisha kwa hakimu na bila kuonana na wakili. Katika mji wa Port Elizabeth aliwekwa uchi katika chumba cha korokoroni. Tarehe 6 Septemba alipelekwa katika ofisi za polisi wa usalama kuhojiwa, na huko akaumizwa kichwa.

Asubuhi ya tarehe 7 aliitwa daktari wa Serikali, Dakta Ivor Lang. Alimkuta mgonjwa amefungwa minyororo, mdomo umejeruhiwa, mikono na miguu imevimba, anayumba akitembea, na maneno yake hayatoki sawasawa. Kanali Piet Goosen, mkuu wa polisi wa usalama wa pale, alimtaka atoe cheti. Naye akakiandika, kwamba hakuona kwa mahabusu huyu dalili yoyote ya maradhi wala kasoro.

Siku ya pili yake alikuja mkubwa wake, Dakta Benjamin Tucker, wakampima pamoja. Unyayo wa mgonjwa ulipokwaruzwa ilionekana ishara ambayo kila daktari hufundishwa kuwa huenda ubongo umepata madhara. Akaitwa daktari bingwa, akatoa maji ya uti wa mgongo, na katika maji yale zikaonekana chembe za damu, nayo ni alama nyingine inayoelekeza kule kule. Hata hivyo Lang aliandika katika karatasi za mgonjwa kuwa maji yale hayakuwa na kasoro. Mgonjwa akarudishwa korokoroni, akalazwa juu ya mkeka.

Tarehe 11 Septemba alikutwa amelala sakafuni, povu limemtoka mdomoni. Tucker alitaka apelekwe hospitali. Kanali alikataa asipelekwe hospitali ya mjini, akasema atapelekwa Pretoria. Na Tucker, ambaye ndiye tabibu, alikubali. Mtu aliyeumia ubongo alipakiwa uchi nyuma ya gari la polisi, akasafirishwa usiku zaidi ya kilometa 1,000, bila ya daktari wala muuguzi, na bila ya karatasi moja ya kueleza ugonjwa wake. Usiku wa tarehe 12 Septemba alikufa katika jela ya Pretoria, peke yake.

Waziri wa Polisi alitangaza kuwa alikuwa amegoma kula. Lakini wahenga wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Maiti ilipopasuliwa na waganga, ubongo ulisema yale ambayo cheti kiliyaficha.

Tuyatazame haya kwa makini, ndugu zetu. Hapana daktari hata mmoja katika kisa hiki aliyempiga Biko. Lakini mlango wa kumwokoa ulifunguka siku ya 7, ukafunguka tena siku ya 8, ukafunguka siku ya 9 yalipoonekana maji yenye damu, na ukafunguka mara ya mwisho siku ya 11. Na kila mara aliyesimama mlangoni ni tabibu, na tabibu ndiye aliyeufunga.

Miaka minane ya kudai

Sasa tunafika penye kiini cha somo letu, nako ni kuulizwa. Uchunguzi wa kifo ulifanywa Pretoria, na tarehe 2 Desemba 1977 hakimu alitoa uamuzi kwamba kichwa kilipata madhara, lakini hapana mtu wa kulaumiwa. Katika uchunguzi ule wakili Sydney Kentridge aliwauliza madaktari kwa nini hawakushikilia mgonjwa apelekwe hospitali. Tucker alijibu, kwa maana yake, kwamba hakujua kuwa katika hali kama ile daktari aweza kuikataa kauli ya afisa wa polisi.

Zingatieni jawabu hili. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1975, Chama cha Madaktari cha Dunia kilikutana Tokyo kikatoa tangazo kwamba daktari hatashiriki katika mateso, wala hatayakubali, wala hatayafumbia macho, vyovyote iwavyo kosa la mfungwa, na kwamba daktari awe huru kabisa katika uamuzi wake juu ya mgonjwa. Basi jambo hili lilikuwa limekwisha tangazwa kwa walimwengu, na wenye kazi hii hawakuwa na haki ya kusema hawakuambiwa.

Mashitaka yakapelekwa kwa Baraza la Madaktari la nchi ile, ambalo ndilo lenye kutoa na kuondoa ruhusa ya kutibu. Mwaka 1980 Baraza likasema kuwa halikuona sababu ya kuwashitaki madaktari hawa. Chama cha madaktari nacho kikauunga mkono uamuzi huo. Hapa ndipo penye khatari kubwa, kwani fundi akimficha fundi mwenziwe, mwenye kuharibikiwa atakwenda wapi?

Lakini si wote walionyamaza. Walikuwako madaktari wachache, miongoni mwao Frances Ames, bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na Phillip Tobias, na Trefor Jenkins, na Yosuf Veriava, na Dumisani Mzamane. Hawa walikuwa wa rangi mbalimbali na asili mbalimbali, katika nchi ambayo sheria yake iliwatenga. Wakalishitaki Baraza lao wenyewe mahakamani, wala halikuwa jambo jepesi, kwani kazi yao i mikononi mwa Baraza hilo hilo. Mnamo Januari 1985 Mahakama Kuu ya Transvaal ikawapa haki, ikaliamuru Baraza lifanye uchunguzi.

Uchunguzi ulifanyika Julai 1985. Lang alionekana ana makosa, akapewa onyo na karipio. Tucker alionekana ana makosa makubwa zaidi, ya kuitia kazi yake aibu, akazuiwa kazi kwa miezi mitatu, na hata adhabu hiyo ikaahirishwa kwa miaka miwili. Watu waliona kuwa ni adhabu ndogo mno kwa roho iliyopotea. Ilipofika Oktoba 1985 jina la Tucker likafutwa katika daftari la madaktari. Mwaka 1991 aliomba radhi kwa maandishi, akakiri kwamba kwa miaka mingi alijiona yuko karibu zaidi na maslahi ya usalama wa Serikali kuliko na mgonjwa wake. Ndipo akarejeshewa ruhusa.

Ilichukua miaka minane tangu kifo mpaka hukumu. Je, ilifaa? Twasema ilifaa, ijapokuwa haki ilikuja ikichechemea. Kwa maana kabla yake daktari wa jela alidhani hapana wa kumuuliza, na baada yake alijua kuwa yuko.

Na ushahidi wa faida hiyo ulionekana mji ule ule, mwaka ule ule. Mwaka 1985 Serikali ilitangaza hali ya hatari, na jela za Port Elizabeth zikajaa mahabusu. Akawako daktari kijana wa kike, Wendy Orr, akifanya kazi katika idara iliyokuwa chini ya Lang yule yule. Kila siku aliona migongo yenye mapigo na masikio yaliyopasuka. Hakuandika kuwa hawana kitu. Aliandika alichokiona, jina kwa jina, kisha akakula kiapo na kuyapeleka maandishi yake mahakamani, na mnamo Septemba 1985 mahakama ikatoa amri ya kuwazuia polisi wasiwapige mahabusu. Wakubwa wake walimwondolea kazi ya jela. Lakini miaka kumi baadaye, nchi ilipobadilika, aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa Tume ya Ukweli na Maridhiano, na mwaka 1997 tume hiyo ikawaita wenye kazi za afya waeleze walivyotenda katika zama zile.

Ofisi ilikuwa ni ile ile, na mshahara wa Serikali ni ule ule. Tofauti ilikuwa katika kalamu.

Udhuru na majibu yake

Zimetajwa nyudhuru nyingi katika jambo hili, nasi tutajibu nne.

Kwanza, wasema: Niliamriwa. Twajibu kwamba utiifu kwa mkubwa una mpaka wake, na mpaka huo ni maasi. Hili ni katika mambo tunayowafundisha watoto chuoni. Na walimwengu nao wamelikubali, kwani huko Nuremberg, mwaka 1946 na 1947, watu 23 walishitakiwa, na 20 kati yao ni madaktari, kwa yale waliyowatenda wafungwa wa Wajerumani katika vita. Kumi na sita walionekana na hatia, na saba wakanyongwa. Amri ya mkubwa haikuwaokoa.

Pili, wasema: Mimi sikupiga. Twajibu kuwa msaada katika uadui ni sehemu ya uadui. Mwenye kumshikia mwizi taa hasemi kuwa hakuiba.

Tatu, wasema: Yule ni mtu wa khatari, na usalama wa nchi wataka hivyo. Twajibu kuwa kama ana kosa, yuko kadhi na yuko hakimu. Tabibu hakupewa kazi ya kuhukumu, na mgonjwa hapotezi ugonjwa wake kwa sababu ya kutuhumiwa.

Nne, wasema: Nikiondoka mimi, ataingia mbaya kuliko mimi. Huu ndio udhuru mtamu kuliko wote, na kwa hiyo ndio wa kuogopwa. Kama kukaa kwako kunamfaa mfungwa, kaa, uandike kweli. Ama ukikaa na kuandika uongo, huyo mbaya uliyemkhofu amekwisha kuingia.

Wala kuulizwa kwa tabibu si bidaa iliyoletwa na watu wa Ulaya. Mafakihi wetu walikwisha kueleza juu ya dhamana ya tabibu, na kwamba mwenye kudhuru kwa ujahili au kwa kuvuka mpaka hulipa alichokiharibu. Na katika vitabu vya hisba vilivyotungwa nchi ya Sham katika karne ya 12, imeandikwa kuwa ni kazi ya muhtasibu kuwaapisha matabibu kwamba hawatampa mtu dawa ya kumdhuru. Yaani wazee wetu walijua kuwa elimu ya mwili ni upanga wenye makali mawili, na mwenye upanga huo haachwi bila ya mwangalizi.

Jambo hili limetufikia pwani

Pengine msomaji atasema, hayo ni ya Makaburu, nao utawala wao umekwisha. Twamkumbusha la karibu zaidi. Mtanzania mmoja, mtu wa pwani kama sisi, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akapelekwa hadi Afghanistan katika jela ya siri ya majasusi wa Marekani, akateswa, na mwaka 2008 akaachiliwa bila ya kushitakiwa kwa kosa lolote. Mateso ya jela zile hayakubuniwa na askari wajinga. Yalibuniwa na wasomi wawili wa elimu ya nafsi, James Mitchell na Bruce Jessen, na taarifa ya Baraza la Seneti la Marekani ya Desemba 2014 ilieleza kuwa kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Hii ndiyo ile njia ya nne tuliyoitaja mwanzo.

Mwaka 2015 Mtanzania huyo, pamoja na mwenziwe wa Libya na jamaa za Mwafghani mmoja aliyekufa kwa baridi gerezani, waliwashitaki wasomi hao wawili katika mahakama ya Marekani. Kesi nyingi za namna hii zilikuwa zimefungwa kabla ya kusikilizwa, kwa hoja ya siri za Serikali. Hii haikufungwa. Mnamo Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa, washitakiwa walikubali suluhu, na masharti yake hayakutangazwa. Mlango mmoja ukifungwa, haki hutafutiwa mlango mwingine. Ikiwa si Baraza la Madaktari, basi mahakama ya jinai, na ikiwa si hiyo, basi madai ya fidia.

Yaliyo juu yetu

Nasi Kenya si wageni wa khabari za mateso. Walio na umri wetu wanalijua jina la Nyayo House. Katiba ya mwaka 2010 imesema kuwa haki ya kutoteswa haipunguzwi kwa hali yoyote, na mwaka 2017 ikatungwa sheria khasa ya kuzuia mateso. Sheria ziko, lakini hazisimami bila watu. Basi yatupasa mambo haya:

La kwanza, tujue thamani ya karatasi. Wengi wetu twaiona fomu ya P3 kama usumbufu wa kituo cha polisi. Sivyo, karatasi ile ndiyo ushahidi wa mwili wa jamaa yako. Akitoka korokoroni ameumia, apelekwe kwa daktari siku ile ile, kabla jeraha halijapoa, na aombe azungumze na daktari bila ya askari kusimama kando, na lililoonekana liandikwe lote.

La pili, daktari akiandika kinyume cha alichokiona, tusiishie kulalamika barazani. Liko Baraza la Madaktari la nchi yetu lenye kupokea mashitaka, na iko Mamlaka ya kuwaangalia polisi. Lakini tuchunguze kwanza, tusimzushie mtu, kwani kumsingizia daktari mwema nako ni dhulma, na ubaya wake ni kuwafanya wema waikimbie kazi.

La tatu, na hili ndilo kubwa, tumuunge mkono daktari anayesema kweli. Wendy Orr aliondolewa kazi ya jela kwa kuandika ukweli. Daktari wa namna hiyo akipatikana katika mji wetu, akahamishwa au akatishwa, je, tutamjua? Tutakwenda kumsalimu? Twawataka watoto wetu wawe mashujaa, kisha wakipatwa na taabu twawaambia walijitakia.

Na wewe kijana uliyeuliza, tunarejea kwako. Utakapovaa kanzu nyeupe, siku moja huenda ukaletewa mtu mwenye pingu, na nyuma yake afisa mwenye haraka. Atakuonyesha mahali pa kutia sahihi. Siku hiyo kumbuka suala la mzee wetu, kwamba mtu huyu hana mwingine pale ila wewe. Mtazame yeye kwanza, ndipo uitazame karatasi. Kisha uandike ulichokiona.

Wallahu aalam.